UKAGUZI WA SKRINI KUBWA NI KAZI, NA UANDIKWE KATIKA MAPATANO



Katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni ukaguzi wa zile skrini kubwa za taa ndogo ndogo ambazo siku hizi zimewekwa kila mahali: kwenye makutano ya barabara, juu ya maduka makubwa, viwanjani, makanisani na katika kumbi za mikutano. Watu wengi huziona kutoka chini tu. Ninyi mnaosoma karatasi hii mwazijua kutoka nyuma, maana ndinyi mnaozipandisha, mnaozifungua, na mnaoitwa usiku zikizimika.

Chama chetu kitakapokaa mezani na waajiri wa kazi hii kuzungumza mapatano mapya, dai letu la kwanza litakuwa hili: ukaguzi wa kawaida wa skrini uandikwe kuwa ni kazi kamili, yenye saa zake, watu wake, vyombo vyake na malipo yake. Wako wanachama waliotuuliza kwa nini tusianze na mshahara. Swali lao ni la haki, nasi tutalijibu hapa bila kuzunguka.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Kampuni inanunua skrini. Mwuzaji anamwambia bwana mwenye kampuni kwamba taa zake zitadumu saa 100,000. Bwana anachukua kalamu, anagawanya kwa saa 24, anagawanya tena kwa siku 365, anapata miaka 11 na zaidi. Anafurahi. Anasema, basi, hapana haja ya fundi mpaka miaka hiyo iishe. Mafundi waliotundika skrini wanalipwa na kuambiwa kwaheri. Mwaka wa pili sehemu moja ya skrini inakuwa nyeusi, saa mbili za usiku, mvua inanyesha, na simu inalia: Njoo upesi, mwenye tangazo analalamika! Fundi anapanda peke yake. Anaambiwa asizime skrini yote, maana dakika za giza zitakatwa katika malipo ya tangazo. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa katika mahali pengi, na kila mmoja wetu anajua.

Sasa hizo saa 100,000 ni za nini? Ni za ile taa yenyewe, iliyo ndogo kuliko punje ya mahindi, ikikaa mahali pa baridi na kupewa stima safi. Tena, saa hizo zikiisha, taa haijafa. Mwanga wake umepungua kufika nusu hivi. Lakini skrini si taa peke yake. Ndani yake mna visanduku vya pawa vinavyogeuza stima ya volti 240 kuwa volti 5. Mna feni, machujio, nyaya bapa, plagi, kadi za kupokea picha, mipira ya kuzuia maji, bolti na chuma. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoahidiwa saa 100,000. Gari halilali njiani kwa sababu bodi yake imechakaa. Hulala kwa pancha, au kwa mkanda wa feni uliokatika. Skrini nayo ni vivyo hivyo.

Ndugu, adui wa skrini ni wanne, nao ni joto, maji, skrubu iliyolegea, na chuma kilichochoka. Yafaa tuwaeleze mmoja mmoja, kwa sababu mjumbe wa chama atakayekaa mbele ya mwajiri lazima ajue anasema nini.

Joto. Ndani ya kisanduku cha pawa mna vikopo vidogo vya kuweka stima, na ndani ya vikopo hivyo mna majimaji ambayo hukauka polepole. Kanuni inayojulikana na mafundi ni kwamba joto likizidi kwa digrii 10, maisha ya kikopo hupungua kwa nusu. Pawa ambayo ingedumu miaka sita itadumu mitatu. Joto likizidi kwa digrii 10 nyingine, itadumu mwaka mmoja na nusu. Na joto hilo laletwa na nini? Laletwa na vumbi lililoziba chujio, na feni ambayo bearingi yake imekwisha ikawa yazunguka kwa shida. Chujio ni kitu cha bei ndogo, na kulipiga blowa ni kazi ya dakika chache. Asiyesafisha chujio atanunua pawa, na baada ya pawa atanunua kadi.

Hapa nchini vumbi si la namna moja. Nairobi kuna moshi wa magari na vumbi la barabara zinazojengwa. Kisumu kuna wale wadudu wa ziwani wanaotoka kwa makundi kama mawingu na kufuata mwanga. Asubuhi waweza kukuta chujio limefunikwa kabisa. Mombasa na Malindi kuna chumvi ya bahari, ambayo haizibi chujio bali hula pini za plagi na vichwa vya skrubu mpaka vinageuka kijani. Kwa hivyo ratiba moja haitoshi nchi nzima. Skrini ya pwani yataka kutazamwa mara nyingi zaidi kuliko ya Nyeri, na mapatano yaseme hivyo.

Maji. Skrini ya nje huzibwa vizuri kwa mbele, na mara nyingi huzibwa kidogo zaidi kwa nyuma. Mipira inayozuia maji hukauka kwa jua na kupasuka. Maji hayahitaji mlango. Tundu la skrubu moja iliyosahauliwa latosha. Sisi twajua mvua zetu: ile ndefu ya Machi mpaka Mei, na ile fupi ya Oktoba mpaka Desemba. Basi ni akili gani kumpandisha fundi mwezi wa Aprili kutafuta mahali panapovuja? Ukaguzi wa mipira, milango na matundu ya nyaya umalizwe Februari, na tena Septemba, jua likiwaka na ngazi ikiwa kavu. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atengeneze paa la ghala.

Skrubu iliyolegea. Hapa wengi hudanganyika. Husema, volti 5 haiui mtu. Kweli, haiui, lakini yaweza kuchoma nyumba. Pawa ya kawaida ya wati 200 ikitoa volti 5 hutoa ampea 40. Ampea hizo zikigawanywa kwa skrubu tatu, kila skrubu yabeba ampea 13 hivi. Skrubu ikilegea, hata ukizuizi mdogo wa sehemu moja ya kumi ya omu utatoa joto la wati kama 17 katika nafasi isiyozidi ukucha. Plastiki hugeuka rangi ya kahawia, halafu huyeyuka, halafu moto huanza. Na katika kabati lilo hilo imo stima ya volti 240, ambayo inaua. Skrini inapotetemeka kwa upepo na malori yapitayo, inapopata joto mchana na baridi usiku, skrubu zake hulegea zenyewe bila kuguswa na mtu. Hapana dawa nyingine ila kuzima, kufungua na kukaza, kwa ratiba.

Chuma kilichochoka. Skrini kubwa ni mzigo wa mamia ya kilo, na ile ya nje hupokea upepo kama tanga la dau. Tarehe 28 Julai 2022, katika ukumbi wa Hong Kong, skrini iliyotundikwa juu ya jukwaa iliwaangukia wachezaji watu wakitazama, na mmoja wao akaumia vibaya sana. Uchunguzi wa serikali ya huko ulisema kwamba waya ya chuma iliyoishikilia ilichoka ikakatika, na kwamba uzito wa vyombo vilivyotundikwa ulikuwa mkubwa kuliko ule ulioandikwa. Tarehe 13 Mei 2024, huko Mumbai katika India, upepo mkali uliangusha bango kubwa la matangazo juu ya kituo cha petroli, na waliokufa walizidi watu 15. Hilo lilikuwa bango la kawaida, si skrini, nalo lilikuwa kubwa kupita kipimo kilichoruhusiwa. Lakini upepo haujali kama bango lina taa au lina karatasi. Twataja habari hizi za mbali ili mwajiri asituambie kwamba mambo kama hayo ni ndoto za chama.

Sasa twarudi kwa swali la wanachama: kwa nini dai hili liwe la kwanza?

Jibu letu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni uhai wa fundi. Linganisheni kazi ya ukaguzi na kazi ya dharura. Ukaguzi hufanywa asubuhi, skrini imezimwa, ufunguo wa swichi uko mfukoni mwa fundi, watu ni wawili, ngazi imefungwa, na hakuna anayepiga kelele. Dharura hufanywa usiku, stima inapita, mtu ni mmoja, vyuma vina maji, na simu inalia kila dakika tano. Skrubu ni ile ile, spana ni ile ile, na fundi ni yule yule. Lakini katika kazi moja anarudi nyumbani, na katika kazi nyingine watoto wake wanangoja. Kila saa ya ukaguzi hupunguza saa za dharura. Hatujui njia nyingine iliyo ya hakika zaidi ya kupunguza ajali katika kazi yetu.

Sehemu ya pili ni mkate wenyewe. Mwajiri anayengoja skrini izimike hana haja ya fundi wa kudumu. Ana haja ya namba ya simu ya kibarua. Leo ampigie huyu, kesho yule, na kesho kutwa kijana asiyejua cho chote atakayekubali nusu ya malipo. Lakini mwajiri mwenye ratiba ya kila mwezi, na kitabu kinachoonyesha skrini kwa skrini, ana haja ya mtu anayezijua skrini hizo kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Mtu huyo hawezi kuwa kibarua wa siku moja. Mshahara wa kila mwezi watoka katika kazi ya kila mwezi. Kwa hivyo, tukidai mshahara bila kudai ratiba, tutapandisha malipo ya kazi ambayo wengi wetu hatuna. Tukipata ratiba, dai la mshahara litakuwa na mahali pa kusimama.

Twajua kuna ndugu ambao hawapendi maneno haya. Wanasema: Sisi twaishi kwa ovataimu ya usiku. Skrini zikiacha kuharibika, tutakula nini? Hatuwadharau. Mtu mwenye karo ya shule ya kulipa hawezi kuambiwa aache pesa aliyo nayo kwa ajili ya ahadi. Lakini twawauliza, pesa hiyo ni ya namna gani? Mwezi mmoja inakuja, miezi miwili haiji. Haiingii katika malipo ya uzeeni, wala benki haiikubali kama dhamana. Na inalipwa kwa mtu mzima mwenye mikono miwili. Akiteleza mara moja tu, imekwisha. Hata hivyo chama hakitawaacha watu hao njiani. Katika madai yetu tumesema kwamba malipo ya kuitwa usiku yabaki kama yalivyo, na kwamba saa za ukaguzi ziongezwe juu yake, zisichukuliwe kutoka kwayo.

Na sasa ukaguzi wenyewe uwe wa namna gani? Tusipoeleza wazi, mwajiri atamtuma mlinzi atazame skrini kutoka lango la duka, kisha aseme, imekaguliwa. Ratiba tunayoitaka ni hii:

Kila siku: skrini iwashwe rangi moja moja, nyekundu, kijani, samawati, kisha nyeupe, na mtu atazame kutoka chini. Kila kipande kilichokufa au kilichofifia kiandikwe mahali pake, safu na mstari.

Kila wiki, wakati wa unyevu: skrini isiyotumika, kama ile ya kiwanja au ya ukumbi, iwashwe saa mbili hivi, kwa mwanga mdogo kwanza na kuongezwa polepole, ili joto lake likaushe unyevu uliomo ndani.

Kila mwezi: machujio yasafishwe, feni zisikilizwe moja moja, viota vya ndege na nyumba za nyigu ziondolewe, alama za maji zitafutwe. Uso wa skrini upigwe brashi laini iliyo kavu. Mabomba ya maji ya nguvu yasiguse skrini kamwe.

Kila miezi mitatu: stima izimwe, skrubu na plagi zikazwe, volti za kila pawa zipimwe, swichi ya kukata stima inayovuja ijaribiwe kwa kitufe chake. Kabla ya kuzima, skrini iachwe na picha nyeupe kwa muda mfupi na kutazamwa kwa kamera ya kupima joto. Pale penye skrubu mbaya patajionyesha penyewe. Tangu hapo, picha nyeupe iwe mwisho, na mikono isiingie ndani mpaka swichi ifungwe.

Kila Februari na Septemba: mipira ya maji, milango, na kile chombo cha kuzuia radi. Wenye skrini za Kisii, Kakamega na Kisumu wajue kwamba huko radi ni nyingi, na chombo kilichopigwa mara moja huenda kisifae mara ya pili.

Kila mwaka: bolti za nguzo, viungo vilivyochomelewa, kutu, waya za kuning'inizia, na kipimo cha waya ya ardhi. Kazi ya chuma ifanywe na injinia, naye atie sahihi yake. Kazi ya stima ifanywe na fundi mwenye leseni, kama Sheria ya Nishati ya 2019 inavyotaka.

Ratiba hii si kitu cha ajabu. Mwenye lori hubadilisha oili kabla injini haijaungua, wala hasemi kwamba oili ni hasara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye skrini wajenga kuta kila mwaka.

Kuna jambo jingine la hatari ambalo lazima tulitaje peke yake. Skrini za siku hizi huwashwa na kuzimwa kutoka mbali, kwa kompyuta iliyo ofisini, au kwa saa iliyopangwa ndani yake. Fundi yumo ndani ya kabati, na kijana wa ofisini aliye mtaa mwingine anabonyeza kitufe. Kumpigia simu kijana huyo na kumwambia, usiwashe, hakutoshi. Swichi kubwa iliyo pale pale penye skrini izimwe, itiwe kufuli, ufunguo ukae na fundi, na kibao kiandikwe: MTU YUMO KAZINI. Kisha apime kwa mita kama stima imekwisha kweli, na angoje kidogo, maana vile vikopo vya pawa huweka stima hata baada ya kuzimwa. Mwajiri asiyenunua kufuli ya shilingi chache asituambie kwamba anapenda usalama.

Sheria iko upande wetu, lakini sheria haipandi ngazi yenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri kuweka njia salama ya kufanya kazi. Kifungu chake cha 14 chasema mfanya kazi aliye na sababu nzuri ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu aripoti kwa mkubwa wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Tena aliyeondoka kwa sababu hiyo ya haki asifukuzwe wala kuadhibiwa. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo yataka kuwe na kamati ya usalama na afya. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yamtaka mwajiri kuwa na bima ya watu wake. Ulizeni kazini kwenu: kamati iko? Bima iko? Mkijibiwa kwa kicheko, leteni habari kwa ofisi ya chama.

Mabwana watasema ukaguzi ni gharama. Twawajibu kwa hesabu yao wenyewe. Saa za ukaguzi zaweza kuwekwa alfajiri, wakati ambapo barabara ina watu wachache na tangazo halina wa kulitazama. Skrini ikizimika jioni ya Ijumaa, mtaa mzima waona. Tena mwenye skrini aliyenunua vipande vya akiba siku ile ile ya kununua skrini atabadilisha kimoja kwa dakika chache na hakuna atakayejua. Yule ambaye hakununua ataagiza kipande baada ya miaka mitatu, na kitakapofika rangi yake haitalingana na vingine. Kitaonekana kama kiraka kipya katika kanzu iliyofuliwa mara mia. Hasara hiyo hailetwi na fundi. Yaletwa na kutokaguliwa.

Lakini hatusemi na waajiri peke yao, na hapa twaomba ndugu zetu wasikilize vizuri. Kitabu cha ukaguzi ndicho kitakachokuwa shahidi wetu. Twajua kuna mahali ambapo kitabu kipo tayari, na fundi anakijaza akiwa ameketi mkahawani: feni nzuri, mipira mizuri, bolti nzuri, sahihi. Huenda ameagizwa hivyo na mkubwa wake, huenda amechoka, huenda ngazi haikuletwa. Sababu yo yote iwayo, ndugu huyo ajue anafanya nini. Skrini hiyo ikishika moto, jina litakalosomwa mbele ya hakimu ni lake, si la aliyemnyima ngazi. Na fundi wa zamu inayofuata atapanda akiamini maandiko yake. Kitabu cha uwongo ni kibaya kuliko kukosa kitabu, kwa maana asiye na kitabu huangalia anapokanyaga.

Basi kanuni ya chama iwe hii: hatutii sahihi kwa kitu ambacho hatukukigusa. Kama ngazi haikuja, andika: HAIKUKAGULIWA, HAPANA NGAZI, utie tarehe. Kama bolti ina kutu na mwajiri ameambiwa mara tatu, andika mara tatu. Maneno hayo machache ni silaha kuliko hotuba ndefu, maana siku ya mazungumzo tutayafungua mezani, na hakuna atakayeweza kusema hakuambiwa.

Tunasema pia na wenye ujuzi mkubwa miongoni mwetu. Wako mafundi wanaoficha kazi. Wakimfundisha kijana, humfundisha nusu, ili siku zote waitwe wao. Tabia hii haifai katika chama. Kijana asiyefundishwa kuvaa mshipi wa usalama na kupima stima kabla ya kugusa atakufa mikononi mwetu, na kabla ya kufa atakuwa amefanya kazi kwa bei ambayo inaua mshahara wetu. Mfundisheni yote, kisha mwandikisheni katika chama.

Haya ndiyo madai yatakayopelekwa:

1. Kila skrini iwe na kitabu chake, na nakala ya kila ukurasa ipewe mjumbe wa chama.

2. Ratiba ya ukaguzi iandikwe katika mapatano, nayo ifuate mahali, yaani pwani, ziwani au bara.

3. Hakuna mtu atakayepanda peke yake, usiku wala mchana.

4. Kufuli, mita, mshipi wa usalama, helmeti na ngazi vinunuliwe na mwajiri, na vikaguliwe kama skrini inavyokaguliwa.

5. Saa za ukaguzi zilipwe kama saa za kazi, na malipo ya kuitwa usiku yasipunguzwe.

6. Kazi isifanywe juu wakati wa mvua, radi au upepo mkali, hata mwenye tangazo akilia.

7. Anayefanya ukaguzi wa kila mwezi awe mwajiriwa wa kudumu, si kibarua.

Kabla ya mkutano wa tawi, twawaomba wajumbe wote walete orodha ya skrini zilizo katika eneo lao. Waandike skrini iko wapi, ni ya ndani au ya nje, ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani alikagua. Wasiandike wanayoyadhani, waandike wanayoyajua. Pale pasipo habari waandike, hapana habari. Orodha hiyo itakuwa na nguvu kuliko kelele zetu zote, kwa sababu mwajiri amezoea kusikia kelele, lakini hajazoea kuonyeshwa karatasi.

Ndugu, skrini zinaongezeka, na zitaongezeka zaidi. Kazi iko. Shauri ni moja tu: kama kazi hiyo itakuwa ya watu wa kudumu wenye ratiba, au ya vibarua wanaokimbia gizani kila simu inapolia. Hilo halitaamuliwa na mashine. Litaamuliwa na sisi, tukiwa pamoja au tukiwa mbali mbali. Njoni mkutanoni, na kila mmoja aje na mwenzake.

UMOJA NI NGUVU.